Zabibu za Shamba la Njugu

Asubuhi ile Milembe alikuwa ameketi nje ya nyumba yake, anabangua njugu mawe za mbegu. Mwezi wa kumi ulikuwa unaisha, mwaka 1996. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa ziwa, na kila mwanamke wa Bariadi mwenye akili zake alikuwa anatayarisha mbegu. Binti yake Philomena, wa miaka tisa, alikuwa shuleni. Mkwewe, Mzee Jilala, alikuwa zizini anakagua ng'ombe wake mmoja mmoja. Alifanya hivyo kila asubuhi, utadhani usiku kuna mtu amembadilishia.

Mara akaja mwanamume na gunia begani. Gunia lilikuwa linachuruzika maji. Milembe alimtambua kwa mwendo kabla hajamwona uso. Alikuwa Shija, mume wake.

Ngoja nikueleze habari za Shija. Kwa miaka minane alikuwa Dodoma, kwenye kiwanda cha mvinyo cha shirika moja la umma. Alikuja nyumbani mara chache, wakati wa Krismasi. Alikaa majuma mawili, akaondoka. Miaka ile mambo yalikuwa yamebadilika nchi nzima. Soko lilikuwa huria. Mashirika mengi yalikuwa yanauzwa au yanafungwa, na wafanyakazi wanapunguzwa. Hata pamba ya Bariadi haikununuliwa tena na chama cha ushirika peke yake. Magari ya wanunuzi binafsi yaliingia hadi vijijini. Shija naye alikuwa amepunguzwa.

"Mwangaluka, Mama Philomena," alisalimu.

"Mwangaluka, Baba Philomena. Karibu nyumbani. Gunia hilo lina nini?"

"Lina kazi yangu mpya."

Alilifungua. Ndani mlikuwa na vijiti arobaini, vimefungwa kwa majani mabichi. Kila kijiti kilikuwa na urefu wa mkono. Milembe aliviangalia, akamwangalia mumewe. Kuni za kupikia uji zilikuwa nene kuliko vijiti vile.

"Hii ni mizabibu," Shija alisema. "Zabibu nyeusi, za kutengeneza mvinyo mwekundu. Ukiikata hivi na kuipanda, inachipua."

Jioni, walipokuwa wanakula ugali na mlenda, Shija alisema neno lake. Alilisema taratibu, macho yake kwenye sahani.

"Rafiki yangu Marcelo naye amepunguzwa. Amekwenda Geita, machimboni. Ananiita. Nimemjibu hivi: miche yangu ikishika, nabaki nyumbani. Ikifa, namfuata. Mwanamume mzima siwezi kukaa kwa baba yangu mikono mitupu."

Milembe alijua watu waliokwenda machimboni. Wengine walirudi na baiskeli. Wengine hawakurudi, na wake zao mpaka leo hawajui waseme ni wajane au la. Yeye hakutaka baiskeli. Alimpenda mume wake, alikuwa amechoka kuishi peke yake, na alitaka akae. Basi.

Kesho yake Mzee Jilala alimwita mwanawe. Alikuwa na furaha kubwa, ingawa alijitahidi kuificha.

"Mwanangu amerudi," alisema. "Mti wake hautapandwa mchangani kama viazi vya wanawake. Nakupa kipande cha mbuga, kando ya majaruba yangu ya mpunga."

Mbuga ni ule udongo mweusi wa bondeni. Mvua ikinyesha unanata, ukikauka unapasuka nyufa. Kwa Msukuma hiyo ndiyo ardhi ya heshima, kwa sababu pamba na mpunga hustawi hapo. Juu, kwenye mteremko wenye mawe, kuna udongo mwingine, mwepesi na wa mchanga. Huo wanauita luseni. Milembe alikuwa na shamba lake huko, la njugu na viazi vitamu. Watu walipita pale bila hata kugeuza shingo.

Mzee Jilala alitoa mikokoteni sita ya samadi kutoka zizini. Mikokoteni sita, kwa vijiti arobaini! Shija akajenga kingo za udongo kuzunguka shamba, kama za jaruba, ili maji yasitoroke. Akapanda. Jirani walikuja kutazama, wakasifu. Milembe naye alichota maji kila siku mpaka mvua zikakolea. Alichota kwa moyo wote, maana kila kijiti alikiona kama siku moja zaidi ya kukaa na mumewe.

Miche ilichipua kweli. Mwezi wa kumi na mbili ilikuwa na majani madogo, mazuri, mithili ya viganja vya mtoto. Shija alianza kuimba asubuhi. Philomena alianza kumzoea baba yake, akamfuata shambani, akamwuliza maswali yasiyo na mwisho.

Mvua ziliongezeka. Maji yalituama ndani ya zile kingo, siku tatu, siku nne, juma zima. Majani yakaanza kuwa ya njano. Shija akaongeza samadi. Januari mvua zilipopungua, akaongeza maji. Majani yakaanguka. Ilipofika Februari, mizabibu ishirini na tisa ilikuwa imekufa. Ilibaki kumi na mmoja, nayo ilikuwa taabani.

Shija aliacha kuimba. Siku moja dereva wa lori la pamba alimletea salamu kutoka Geita. Marcelo alikuwa anauliza: unakuja lini? Shija akamwambia dereva, "Mwambie baada ya majuma mawili."

Milembe alisikia. Alfajiri ya kesho yake alijifunga khanga, akatembea hadi ofisi ya kata kumtafuta bibi shamba.

Bibi shamba aliitwa Jenifer Mihayo. Maofisa wa kilimo nao walikuwa wamepunguzwa, kwa hiyo alihudumia kata tatu peke yake, na baiskeli isiyo na breki. Alimsikiliza Milembe mpaka mwisho.

"Zabibu, mama? Huku kwetu?"

"Huku huku."

"Sijawahi kuulizwa habari za zabibu tangu nianze kazi. Lakini nilizisoma chuoni, na mafunzo ya vitendo nilifanyia Dodoma. Twende nikaone."

Walipofika, Shija alisimama kando, amekunja mikono. Hakupendezwa mkewe alivyomleta mgeni bila kumwambia. Jenifer hakumjali. Aling'oa mzabibu mmoja uliokufa. Mizizi ilikuwa myeusi, laini, inateleza. Akampa Shija.

"Nusa, Ng'wana Jilala."

Shija akanusa, akakunja uso. "Unanuka uozo."

"Mti huu haukufa kwa njaa wala kiu. Umezama. Mizizi inahitaji hewa kama wewe na mimi. Udongo ukijaa maji siku nyingi, hewa inakosa nafasi, mizizi inaoza."

"Bibi shamba, mimi nimefanya kazi ya zabibu miaka minane."

"Shambani?"

Shija aliuweka ule mzabibu chini. "Kiwandani. Kwenye mapipa."

"Basi unaujua mvinyo. Mti wenyewe huujui bado. Hilo si kosa. Leteni jembe na ndoo mbili za maji."

Jenifer alichimba shimo pale mbugani, kina chake kuanzia ncha ya vidole hadi kiwiko. Akamimina maji, yakajaa. Kisha akauliza: "Nani ana shamba kule juu?"

"Mimi," Milembe alisema. "Lakini ni luseni tu. Ni la njugu."

"Twende huko huko."

Kule mteremkoni alichimba shimo la pili, la kina kile kile. Akamimina maji. Milembe aliona maji yanashuka, yanashuka, kama yananyonywa na mtu aliye chini. Kabla hawajamaliza kusimuliana habari za watoto, shimo lilikuwa tupu. Jenifer akalijaza mara ya pili. Likakauka tena. Waliporudi mbugani, maji ya shimo la kwanza yalikuwa pale pale. Nzi alikuwa anaelea juu yake.

"Haya maji yatakuwepo mpaka kesho," Jenifer alisema. "Mpunga unafurahi hapa. Mzabibu unakufa. Na kiangazi kikija, mbuga inapasuka na kukata mizizi iliyobaki. Mzabibu unataka udongo unaopitisha maji. Hautaki samadi nyingi pia. Ukishiba sana unaota majani, matunda unasahau."

Mzee Jilala alikuwa amesimama nyuma yao, ameegemea fimbo yake.

"Kwa hiyo mikokoteni yangu sita ndiyo imeua?" aliuliza.

"Imesaidia, Baba," Jenifer alijibu kwa adabu.

Mzee alimtazama. Halafu akacheka, akacheka mpaka akakohoa, na Milembe, ambaye kwa heshima hakuwahi kucheka mbele ya mkwewe, aligeukia pembeni akaziba mdomo kwa khanga.

"Nilimpa mwanangu kilicho bora," mzee alisema alipotulia.

"Mbuga yako ni bora, Baba. Kwa mpunga na pamba. Kila mmea una udongo wake."

Milembe alikuwa anafikiri. Kuna jambo alikuwa analijua siku zote, ila hakuwahi kulitia maneno.

"Ni kama viazi," alisema. Wote wakamgeukia. Aliona aibu, lakini akaendelea. "Viazi vya mbugani vinakuwa vikubwa, ila vimejaa maji. Ukivichemsha havina ladha. Ukivikatakata na kuvianika, michembe yake haikauki vizuri, inaota ukungu. Viazi vya luseni ni vidogo, lakini vitamu. Ndiyo maana michembe yangu inagombaniwa sokoni."

"Umemaliza maneno yangu yote," Jenifer alisema. "Zabibu ni hivyo hivyo. Ikipata maji mengi, inavimba, sukari inakuwa kidogo, ngozi inapasuka. Ikipata maji kiasi, punje inakuwa ndogo, tamu, nyeusi."

Hapo Shija alishtuka, akakaa juu ya jiwe.

"Malori," alisema.

"Malori gani?" Milembe aliuliza.

"Kule kiwandani. Kulikuwa na malori ya zabibu kutoka bondeni, karibu na mto. Vichala vikubwa, vya kupendeza. Mvinyo wake ulikuwa umepauka kama maji ya kuoshea bilauri. Na kulikuwa na malori kutoka mteremkoni, kwenye kichanga chekundu. Vichala vidogo, hata kuvitazama hutamani. Mvinyo wake ulikuwa mwekundu kabisa, mzito. Mbegu ilikuwa moja. Nimeyaona hayo miaka minane. Nilidhani ni bahati tu."

"Wekundu unatoka wapi?" Jenifer aliuliza. "Hilo mimi silijui."

"Kwenye ganda. Ukikamua zabibu nyeusi, maji yake ni meupe. Unayaacha yachachuke pamoja na maganda siku kumi au zaidi, ndipo rangi inatoka. Zabibu kubwa ina maji mengi, ganda lake jembamba. Zabibu ndogo ina ganda nene." Alisema haya akiwa amenyoosha mgongo, kwa mara ya kwanza tangu Krismasi.

"Basi tumefundishana wote watatu," Jenifer alisema. "Sasa ni hivi. Mvua zimelegea, zitarudi mwezi wa tatu. Mkitaka kuihamisha hiyo kumi na mmoja, ihamisheni juma hili."

Kuihamishia wapi? Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Shamba la luseni lilikuwa la Milembe. Alililima mwenyewe, akavuna mwenyewe, na kwa miaka minane njugu zake ndizo zilizomvalisha Philomena sare ya shule. Shija alilijua hilo. Aliinuka pale juu ya jiwe, akaja mbele ya mkewe.

"Mama Philomena, nililidharau shamba lako. Naomba unisaidie nafasi ya miche kumi na mmoja."

Huyu alikuwa mtu aliyewahi kuondoka miaka minane bila kuomba ruhusa. Milembe alinyoosha mkono kuelekea mteremko.

"Chukua upande wa mawe," alisema. "Na huyo dereva akipita tena, umwambie majuma mawili hayatoshi."

Waliihamisha kwa siku tatu mfululizo, jioni jua likishapoa. Jenifer aliwaonyesha kila hatua. Walichimba mashimo yafikayo magotini, hatua mbili kubwa kati ya shimo na shimo. Kila shimo walitia debe moja la samadi kuukuu iliyochanganywa na mchanga. Hawakujenga kingo. Waling'oa kila mche pamoja na udongo wake, wakapunguza matawi yakabaki macho mawili tu ya kuchipulia. Walimwagilia mara mbili kwa juma, kisha mara moja, kisha wakaacha. Milembe ndiye aliyepata taabu kuacha. Mikono yake ilikuwa imezoea kubeba ndoo.

Mizabibu tisa ilishika. Shija alisimamisha nguzo, akavuta waya, akaifunga miche ipande. Dereva wa lori alipopita, alipewa salamu za kupeleka Geita: "Mwambie bado naangalia."

Bado naangalia. Milembe aliyasikia maneno hayo, yakamkaa moyoni. Mtu anayeangalia anaweza kuondoka.

Mwisho wa mwaka 1997 zikaja zile mvua za El Nino. Aliyekuwepo anazikumbuka. Barabara zilikatika, madaraja yalisombwa, na mbuga yote ya Mzee Jilala ikawa ziwa. Pamba ilioza ikiwa imesimama. Kule mteremkoni maji yalipita katikati ya mawe, yakashuka zake. Mizabibu tisa ilibaki wima. Ilitoa hata maua, lakini maua yakaoza kwa unyevu, na majani yakaota ukungu mweupe. Shija alirudi nyumbani ameinamisha kichwa.

"Nimeshindwa," alimwambia mkewe.

"Hujashindwa. Nenda kwa Jenifer, na safari hii nenda mwenyewe."

Alikwenda. Alirudi na unga wa salfa wa kunyunyizia majani, na maneno ambayo aliyarudia kwa Milembe moja baada ya jingine asije akayasahau.

"Anasema udongo tumepata, bado hali ya hewa. Dodoma kiangazi ni kirefu. Hapa kwetu mvua inaanza mwezi wa kumi au wa kumi na moja, inapumzika katikati, inaisha mwezi wa tano. Zabibu ikiiva ndani ya mvua, inaharibika. Kwa hiyo tusiufuate mti, mti utufuate sisi. Mvua zikiisha, mwezi wa tano, tunaupogoa. Tunakata matawi. Ukikatwa unachipua upya, unatoa maua mwezi wa sita, matunda yanakua kwenye jua kavu na baridi ya usiku, na tunavuna mwezi wa tisa kabla mvua haijarudi."

"Unakata mti wenye afya?"

"Hata mimi nimemwuliza hivyo."

Mwezi wa tano, mwaka 1998, Shija alisimama mbele ya mzabibu wa kwanza na mkasi mkononi. Aliona anakata mwaka mzima na nusu wa jasho lake. Milembe alikuja akasimama karibu yake, mabega yao yakagusana.

"Kata," alimwambia. "Nipo hapa."

Akakata. Walipomaliza, mizabibu tisa ilikuwa visiki vyenye vidole. Jirani walipita wakatikisa vichwa, wakasema Dodoma imemharibu mtoto wa watu. Baada ya siku kumi na tano, kila kisiki kilikuwa kimetoa machipukizi ya kijani, na Jenifer alipofika aliegesha baiskeli yake kwenye jiwe na kukagua kila moja. Kisha akasema, "Sasa ngojeni jua lifanye kazi yake."

Jua lilifanya kazi. Julai usiku ulikuwa wa baridi, mchana umekauka. Agosti punje zilianza kubadilika rangi, kijani kuwa zambarau, zambarau kuwa nyeusi. Philomena alikuwa na kazi ya kufukuza ndege kila atokapo shule, na nadhani alikula kuliko ndege. Septemba walivuna vichala vidogo, vimebanana, na weusi wake ulikuwa na unga unga mweupe juu. Milembe alitia punje moja mdomoni. Ganda lilikuwa nene. Utamu ulimshangaza mpaka akafumba macho.

Zabibu nyingi ziliuzwa Bariadi mjini, zikaisha kabla ya saa nne asubuhi. Ndoo moja Shija aliibakiza. Aliziponda, akaziacha na maganda yake siku kumi na mbili, akizikoroga asubuhi na jioni. Siku ya kukamua, alimwita baba yake. Mzee Jilala aliinua bilauri juani. Ilikuwa nyekundu kabisa.

"Imetoka mchangani hii?" aliuliza.

"Mchangani, Baba."

Mzee akanywa kidogo, akafikiri. "Basi niwaombe msamaha viazi vya wanawake," alisema.

Juma hilo hilo Marcelo alikuja mwenyewe. Alikuwa amekonda, ana kikohozi, lakini alivaa viatu vipya. Lori lilikuwa linamngoja barabarani. Milembe alimkaribisha, akamletea maji ya kunawa, akarudi nyuma ya nyumba. Alisimama pale akisikiliza.

"Jiandae, Shija," Marcelo alisema. "Nimekuwekea nafasi. Shimo letu linatoa vizuri."

"Ahsante, ndugu yangu. Siendi."

"Kwa mizabibu tisa?"

"Jirani watatu wamekuja kuniomba vijiti. Wote wana luseni. Mwezi wa tano nikikata, nawagawia, na itabidi niwafundishe. Nikienda, nani atawaambia wasipande mbugani?" Akamfungia Marcelo vichala viwili kwenye gazeti. "Kula njiani. Na hicho kikohozi, pita hospitali kwanza."

Lori lilipoondoka, Shija alizunguka nyuma ya nyumba. Alimkuta Milembe amesimama pale pale, anajifanya anaanua nguo. Hapakuwa na nguo kwenye kamba.

"Mama Philomena," alisema, "nina ombi jingine. Mwakani nataka nafasi ya miche thelathini. Kule juu."

"Itaanza kuzaa lini?"

"Mwaka wa pili. Kuzaa sana, mwaka wa nne. Mzabibu ukitunzwa unazaa miaka ishirini, hata zaidi."

"Na kila mwezi wa tano lazima ukatwe?"

"Lazima."

"Nani atakuwa anakata, miaka ishirini yote?"

Shija alielewa anaulizwa nini. Alikuwa amechelewa kuelewa, lakini alielewa.

"Mimi, Milembe. Nitakata mimi."

Milembe aliketi kwenye kinu kilicholala kando ya ukuta, akalia, na hakujificha. Kisha akajifuta kwa khanga, akamwambia achukue upande wote wa juu wa shamba lake, kwa sababu njugu atazipanda upande wa chini.